Gari ya tabo inayopaki miezi mitatu minne Mbeya: kuiwasha dakika kumi kila Jumamosi sio kuitunza

#1 – Mleta uzi (Uyole)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nilitaka kuuandika tangu mwezi wa saba ila nilikuwa na uchungu sana nikasema ngoja gari ikae sawa kwanza. Saivi inawaka kwa ufunguo mmoja kwahiyo naandika, na nawaomba wenye magari ya aina hii mchangie kwasababu huku Nyanda za Juu tuna hali yetu, baridi, ukungu, mvua ndefu, na ushauri mwingi tunaopewa umetoka kwa watu wa joto.

Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2004, bodi ya GDB, injini EJ207 yenye tabo (feni inayozungushwa na moshi wa egzosi ili kusukumia injini hewa zaidi), gia sita za mkono. Bodi hiyohiyo ndo Petter Solberg alichukulia ubingwa wa dunia wa rali 2003, na mimi tangu niko sekondari nilikuwa nakata picha zake kwenye magazeti nabandika ndani ya sanduku la shule. Nimedunduliza miaka mingi kuipata. Kazi yangu lakini iko Zanzibar na sikutaka kuivusha bahari, chumvi ya kule inakula bodi huku unaiona. So inakaa kwa mama Uyole, kwenye banda la bati nyuma ya nyumba, mi narudi kila baada ya miezi mitatu au minne. Ufunguo nilimwachia mdogo wangu na maelekezo mafupi, kila Jumamosi asubuhi washa dakika kumi, zima. Ushauri huo nilipewa na kila mtu niliyemuuliza. Dogo hakuruka Jumamosi hata moja, kwahiyo lawama sio zake kabisa, alifanya nilichomwambia.

Mwezi wa saba nashuka kwenye basi, baridi ya Uyole mnaijua, naenda bandani kabla hata ya kunywa chai. Nafungua kifuniko cha oil nakuta ute mweupe mzito kama maziwa mgando. Betri inasoma volti 11.4. Diski za breki zimepiga kutu nyekundu mpaka pedi zimeshika. Nakanyaga klachi, gia haiingii, plati imegandana na flaiwili. Nikakaa chini pale pale kwenye zege.

Fundi wa kwanza kuja akaangalia ule ute akasema gasketi ya silinda hedi imekwenda, maji yanaingia kwenye oil, tushushe injini. Nilikaribia kukubali. Mama ndo alisema "mwanangu, ugonjwa mkubwa hivyo muulize na mwingine". Tukamwita mzee mmoja fundi wa siku nyingi. Yule mzee hakugusa spana kwanza. Alipima kulanti, yale maji ya kupoza injini, iko pale pale haijapungua. Akafungua rejeta ikiwa baridi, hamna mafuta yanayoelea. Akachomoa kijiti cha oil, oil ya chini ni kahawia safi, ute uko juu kwenye kifuniko na kwenye shingo tu. Akaniambia "hii injini haijafa, hii injini inatoka jasho na hampi nafasi likauke".

Nikaanza kusoma kwa bidii na kuelewa. Petroli ikiungua inazaa maji, lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Injini ikiwa ya moto mvuke wote unatoka kwa egzosi. Ikiwa ya baridi, unagandia ndani, kwenye bomba la egzosi na mwingine unapenya pistoni unaenda kwenye oil. Afu injini ya baridi kompyuta inaimwagia petroli nyingi, inayobaki bila kuungua nayo inashuka kwenye oil. Mshale wa joto kwenye dashibodi unaweza kufika katikati dakika nane tisa ukadhani tayari, kumbe mshale ule unasoma maji, sio oil. Oil inachelewa, na ikiwa gari imesimama sailensi, yaani inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, asubuhi ya Uyole mwezi wa saba, ndani ya dakika kumi haijafika popote. Kwahiyo kila Jumamosi dogo alikuwa anaongeza kikombe kingine cha unyevu na kuzima kabla haujakauka. Mara kumi na nne.

Betri nayo hivohivo. Gari iliyozimwa bado inakula umeme, alamu, saa, kompyuta, miliampia 20 mpaka 50, na yangu ina kifaa cha kufuatilia gari juu yake. Chukua 50, kwa siku ni ampia-saa 1.2, kwa wiki zaidi ya 8. Dakika kumi za sailensi zinarudisha labda 2 au 3. Kila wiki unatoa 8 unaweka 3, betri ya ampia-saa 45 itafika wapi? Na betri ya risasi ikikaa bila chaji inaota salfa kwenye plati, hapo hata ukiichaji haibebi tena.

Msimamo wangu saivi ni huu. Gari ya tabo ama uiendeshe ipate moto kweli, ama uilaze vizuri usiiguse. Katikati hapo ndo panapoiua. Kuiendesha maana yake angalau dakika thelathini barabarani, sio kuzunguka mtaa. Mi natoka Uyole napanda Mlima Nyoka naelekea Inyala nageuza, kilomita za mwanzo naenda pole bila kuamsha tabo, nikirudi nyumbani dakika za mwisho napunguza tena ili tabo ipoe. Huhitaji kukimbia, vibao vya 50 viheshimiwe, gia ya nne mwendo wa 80 inatosha kabisa kuikausha.

#2 – Mchangiaji (Iringa mjini)

Mkuu umenifungua macho kwenye hesabu ya betri. Mi nina Forester ya tabo, nafundisha nje ya mkoa. Dawa yangu rahisi, spana namba 10, nachomoa waya wa hasi nafunga kitambaa, basi. Miezi mitatu nikirudi nakuta 12.5. Redio inasahau stesheni na sailensi inacheza kidogo siku ya kwanza mpaka kompyuta ijifunze upya, sio tatizo.

Ila ukichomoa alamu inalala pia, so banda liwe na kufuli ya maana. Kama kuna umeme bandani nunua chaja ya kisasa inayojipima yenyewe na kukata, sio zile chaja za gereji zinazochemsha betri usiku kucha. Sola ndogo ya paa inafanya pia, hakikisha ina kidhibiti.

#3 – Mchangiaji (Njombe)

Hamjagusa PANYA. Huku kwetu mahindi yakishavunwa mwezi wa sita wa saba yanaletwa nyumbani, na panya nao wanahama shamba wanafuata. Gari iliyopaki karibu na ghala ni hoteli. Nilifungua boksi la eakilina nikakuta kiota kizima, maganda ya mahindi, manyoya, pamba ya godoro, watoto sita. Waya za nozeli mbili zimetafunwa mpaka shaba. Ningeiwasha bila kuangalia, yale maganda yangevutwa kwenye tabo ile inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika.

Sogeza mahindi kwanza, mbali na gari. Afu wavu wa chuma wa matundu madogo, kata duara funga kwenye mdomo wa bomba la hewa na mwingine kwenye egzosi, na utepe mwekundu kwenye usukani wa kukukumbusha uutoe. Sumu usiweke, anakufia ndani ya matundu ya hita unasafiri na maiti mwezi mzima, na kuku na paka wa nyumbani wanamla wanakufa nao. Mtego, na paka mwenye njaa kiasi.

#4 – Mchangiaji

Swali, kwanini usimwambie dogo aache iungurume nusu saa au lisaa badala ya dakika kumi? Si itapata moto hapohapo bila kusumbuka barabarani na malori?

#5 – Mleta uzi

Mkuu nililifikiria hilo nikaliacha na sababu kubwa sio ya gari. Niliporudi niligundua dogo asubuhi za baridi alikuwa anafunga mlango wa banda nusu ili baridi isimpige na kelele isiwaamshe majirani. Jamani. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, unasinzia na huamki. Ukuta wa banda letu umepakana na jiko la mama. Nilipoliona hilo nilitetemeka kuliko nilivyoona ule ute. Nawaomba, gari isiwashwe ndani, itolewe nje kabisa ndo iwashwe, hata kama mvua inanyesha.

Kwa upande wa gari, sailensi presha ya oil iko chini, tabo inazunguka polepole tu, breki haziguswi, gia boksi na difu hazipati moto, tairi zimekaa palepale. Unachoma petroli kupasha robo tu ya gari.

#6 – Mchangiaji (Tukuyu)

Sisi wa Tukuyu mvua tunaijua. Ongezeni turubai. Watu wanafunika gari na turubai la plastiki lile la bluu wakidhani wameihifadhi. Unyevu unatoka ardhini unagota kwenye plastiki unadondoka juu ya bodi, miezi mitatu unafunua rangi imeota malengelenge na viti vina ukungu wa kijani. Kama lazima ufunike tumia kitambaa kinachopitisha hewa, na gari iwe imeoshwa imekauka. Chini pia, usipaki kwenye majani au udongo mtupu, zege, kama hamna basi mbao. Vioo acha upenyo wa kidole kama banda halivuji.

Na hendibreki usivute, inagandana ukiwa haupo. Tia gia ya kwanza, weka magogo mbele na nyuma ya tairi.

#7 – Mleta uzi

Ndaga fijo (asante sana), kweli kabisa, breki zangu za nyuma ndo zilivyoganda.

Mmoja ameniuliza inbox klachi niliitoaje. Yule fundi wa kwanza alitaka kushusha gia boksi. Mzee alisukuma gari mpaka uwanja wazi, akaiwasha ikiwa nyutro ikapata moto vizuri kama dakika ishirini, akazima, akaingiza gia ya kwanza, akakanyaga klachi mpaka mwisho akawasha ikiwa gia. Gari ikaondoka yenyewe, akawa anagusa breki na kuachia mafuta huku klachi imekanyagwa, mara ya tatu ikasikika "tak" ikaachia. Msijaribu hii penye watu au ukuta mbele, gari inaondoka kweli.

Kingine alichonifundisha yule mzee, gari iliyolala miezi usiiwashe moja kwa moja. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, piga stata sekunde chache, pumzika, rudia mara mbili tatu mpaka taa ya oil izime, ndo urudishe fyuzi uwashe. Oil yote imeshuka chini, beringi za tabo ziko kavu, ile sekunde ya kwanza ndo inayokula. Na mkiona moshi wa bluu kidogo mwanzoni halafu unapotea msipige kelele, injini ya boksa kama hii silinda zake zimelala ubavu, oil inachungulia kwenye pistoni ikikaa sana. Usipopotea hapo sasa ni habari nyingine.

#8 – Mchangiaji (Mbalizi)

Oil gani wakuu? Gereji moja hapa mjini waliniwekea 20W-50 wakasema gari za tabo zinataka oil nzito.

#9 – Mleta uzi

Itoe mkuu. Namba ya kwanza yenye W ndo inakuambia inavyotembea ikiwa ya baridi, na asubuhi za huku 20W inajivuta kama asali. EJ207 ya bodi hii ina mfumo wa kusogeza kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kwa presha ya oil, na vichujio vidogo vya wavu ndani ya bolti za mirija yake, tope likiziba kile kinachopeleka oil kwenye tabo ndo kwaheri. Mi natumia 5W-40, kitabu kinasema 5W-30, zote salama kama ni orijino. Afu hesabu muda sio kilomita tu. Subaru za tabo ratiba ya Japani ni kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Mimi kwa mwaka sifiki 3,000, lakini oil inamwagwa mara mbili. Inauma mfukoni kumwaga oil inayoonekana safi, ila asidi na petroli iliyochanganyika hazionekani kwa macho.

Na ibadilishe KABLA ya kuilaza, sio ukirudi. Usiilaze na uchafu wake.

#10 – Mchangiaji (Dar, mwenyeji wa Rungwe)

Mi nina mtazamo tofauti kidogo. Mzee wangu kule kijijini ana Corolla ya zamani, huu mwaka wa tisa anaiwasha dakika kumi kila wiki, haijawahi kumsumbua. Tusiwatishe watu.

#11 – Mleta uzi

Shikamoo kwa mzee, na sikatai. Corolla isiyo na tabo ni ngumu kufa, oil yake haiteswi na joto la tabo, na pengine mzee anaitoa mpaka gulioni siku mbili tatu bila wewe kujua. Mi naongelea injini ya lita 2.0 iliyotoka kiwandani na farasi 280. Pale kila kitu kimebanwa karibu na mwisho wake, oil ikipungua ubora kidogo haina pa kuegemea. Halafu we uko Dar, ukileta gari huku mita 1,700 juu ya bahari presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya hapo ulipo, tabo inafanya kazi ya ziada kufikisha busti ileile, yaani presha ya hewa inayosukumia injini. Gari haiumwi, ila haina starehe uliyodhani.

#12 – Mchangiaji (Makambako)

Tairi je? Zangu zina kashata zote, zinaonekana mpya, ila gari ikitembea inadunda kama imepanda matuta.

#13 – Mleta uzi

Angalia ubavuni, kuna tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. 3214 maana yake wiki ya 32 ya 2014, hizo mkuu zimezeeka hata kama hazijakanyaga lami. Raba inakauka. Kudunda ni bapa, sehemu iliyokaa chini imelala. Bapa la muda linapotea kilomita kadhaa tairi ikipata moto, lisipopotea tairi imekwenda. Kabla ya kulaza ongeza upepo kiasi bila kupita namba iliyoandikwa ubavuni, na mtu aisukume robo mzunguko kila wiki mbili.

La muhimu kwa Subaru, usibadilishe mbili ukaacha mbili. Mizunguko ya tairi zote nne isipishane zaidi ya milimita 6, la sivyo difu ya katikati inazunguka muda wote kufidia mpaka inachemka. Size yangu 225/45 R17 Mbeya ni za kuvizia, naagiza nne kwa mpigo zinakuja na basi.

Petroli jaza tanki full ukiilaza, nafasi tupu ndo inayoshika unyevu. Miezi mitatu haina shida, ikikaribia sita inapoteza ukali, na hii injini ikinusa petroli dhaifu chini ya busti inagonga, yaani petroli inajilipukia ovyo ndani ya silinda. Brekifluidi kila miaka miwili, inakunywa maji ya hewani hata gari ikiwa imelala. Kulanti iwe kulanti, sio maji ya bomba, injini yote ni aluminiamu.

#14 – Mchangiaji (Mafinga)

Nimesoma uzi wote mwanzo mwisho, safi sana, lakini mleta uzi kuna kitu hujakitaja na kinanipa wasiwasi. Taimingi belti, ule mkanda wa raba unaozungusha kamshafti. Yako ina miaka mingapi?

#15 – Mleta uzi

Gari ina kilomita 87,000 mkuu, belti ni 100,000. Bado bado.

#16 – Mchangiaji (Mafinga)

Hapana ndugu yangu, hiyo 100,000 ni ya gari inayotembea. Belti ni raba kama tairi ulizomwelekeza mwenzetu hapo juu, inahesabu miaka. Wajapani wakibadilisha wanabandika stika ndani ya injini yenye tarehe na kilomita. Fungua boneti utafute. Kama hamna stika basi chukulia ni ya kiwandani, 2004, zaidi ya miaka 20. Na EJ207 belti ikikatika au ikiruka meno valvu zinakutana na pistoni, sio kuvuta kwenda gereji hiyo, ni injini nyingine. Gari inayolala ndo mbaya zaidi, belti imekunjwa sehemu zilezile miezi, afu siku unaiwasha na baridi inashtuliwa ghafla. Badilisha na rola zake zote, tensheni na pampu ya maji kwa pamoja, kazi ya kufungua ni ileile.

#17 – Mleta uzi

Nimempigia dogo akaenda na tochi. Kaangalia juu ya kava za belti, kwenye nguzo ya shokapu, chini ya boneti, kanitumia picha kumi na moja. Hamna stika.

Mkuu wa Mafinga nakushukuru kutoka moyoni, mwezi mzima huu nimekuwa nakimbiza ute na betri, na wiki iliyopita tu nilitoka nayo Inyala kwenda na kurudi nikifurahi inavyovuta. Nimeagiza seti kamili, belti, rola, tensheni na pampu ya maji, inafika na basi Alhamisi ya wiki ijayo, na yule mzee nimeshaongea naye. Dogo nimemwambia achomoe waya wa hasi usiku huuhuu na ufunguo ampe mama. Mpaka belti ifungwe hiyo gari haiwashwi, hata Jumamosi.